Nyumba ya Dada na Magurudumu ya Gari la Maiti

Jumamosi, 4 Mei

Imepanda! Saa nne asubuhi nyumba imekaa juu ya pikapu. Watu ishirini na wanne wameinyanyua, nimewahesabu mwenyewe. Mmoja amechanika suruali. Mwingine alikaa chini akaomba maji, na hakusimama tena mpaka adhuhuri. Siku kubwa.

Maelezo kwa atakayelisoma daftari hili nikishakuwa maarufu: Dada yangu ni nesi. Amehamishiwa zahanati ya mbali, kilomita mia na kumi, na nyumba za wafanyakazi huko zimejaa. Lazima aripoti Jumatatu tarehe 13, saa mbili kamili asubuhi. Nikamwambia asihangaike kutafuta chumba. Nitamjengea nyumba juu ya pikapu aliyotuachia baba, nyumba kamili, itembee yenyewe hadi mlangoni pa zahanati. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni fundi. Fundi wa majeneza, ndiyo, lakini mbao ni mbao. Ameshamwarifu mwenye nyumba kwamba anahama. Funguo anarudisha Ijumaa.

Tatizo moja dogo. Nyumba ilipotua, pikapu iliguna kama mzee anayekaa kitini. Matairi ya nyuma yamebonyea, rimu moja imepinda. Rimu za baba zimechoka, basi. Hesabu ya uzito nimeshaifanya. Kazini kwetu hatuna mizani, tunapima kwa wabebaji: jeneza la watu wanne, la sita, la wanane. Mzee Randa, bosi wangu, anasema kila mbebaji ni kilo ishirini na tano, na kwa miaka thelathini na moja hajawahi kukosea. Ishirini na nne mara ishirini na tano ni mia sita. Pikapu inabeba tani nzima. Kwa hiyo nyumba ni nyepesi, ila magurudumu ndiyo mabovu. Natafuta magurudumu, mambo yamekwisha.

Upepo alikuja kuangalia bila kuitwa. Ni fundi matairi wa pale kona. Wanamwita Upepo kwa sababu anauza upepo, na kichwani pia ndio uliomo. Akaizunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma, kisha akaniuliza ni familia gani imekwisha yote kwa mpigo. Watu wakacheka. Wale wale niliowaita mimi kunyanyua! Akaniaga: "Haya shemeji." Mimi si shemeji yake. Dada hajamkubali. Hata mimi sijamkubali.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Nyumba haivuji hata tone. Mbao ngumu, varnishi mara tatu, mabati juu, sinki la chuma, kabati, vitanda viwili. Nje nimeweka vishikio vya shaba pande zote mbili, sita sita, kwa sababu vilikuwepo. Ndani nimetandika satini ya zambarau iliyobaki kazini. Ukigusa ukuta unasikia raha.

Dada alikuja kuiona. Nikamwomba ajaribu kitanda. Nilikikata kwa kipimo cha kazini: urefu wa mtu na vidole vinne. Akajilaza chali, akaitazama satini ya juu. Halafu akasema ni kizuri, mdogo wangu, ila anajisikia kama mtu aliyeshaogeshwa.

Nadhani ni furaha.

Jumanne, 7 Mei

Ushindi! Magurudumu yamepatikana. Kinyozi wa mtaa wa pili ana rimu nne za kung'aa, matundu sita ya nati, zinaingia kwenye pikapu yetu sawasawa. Alizinunua kwa ajili ya pikapu ambayo hajaipata mpaka leo. Watu wengine hawana mpango kabisa. Zinang'aa kiasi kwamba wateja wake huangalia ndevu ndani yake. Tumebadilishana na kitanda changu. Nalala chini, lakini sina neno, Jumamosi nasafiri.

Nilizifunga mbele ya kibanda cha Upepo makusudi, aone. Akaja na tochi yake. Akaingiza kichwa, akasoma namba iliyogongwa kwa ndani: 475. Eti ndizo kilo ambazo rimu moja inaweza kubeba. Nilifurahi mno! Mara nne ni elfu moja na mia tisa. Akasema za mbele zinabeba injini, nyumba yote iko nyuma, nihesabu mbili tu. Sawa, mia tisa na hamsini. Nyumba ni mia sita. Nikamuuliza sasa anasemaje, bwana Upepo. Akasema nitoe na uzito wa pikapu yenyewe huko nyuma, halafu nipeleke gari kwenye mizani ya yadi ya vyuma chakavu, kwa sababu hiyo mia sita anaisikia kwangu tu.

Wivu. Unamvuja mpaka kwenye kandambili.

Jumatano, 8 Mei

Nimeenda kwenye mizani ili nimnyamazishe. Mwendo wa bibi harusi, mguu haujagusa mafuta. Njiani usukani ukawa mwepesi ajabu, nikaweza kuuzungusha kwa kidole kimoja. Nikasema gari limefurahia viatu vipya.

Mizani ya yadi ile inapima lori zima. Mwenye yadi alipandisha kwanza magurudumu ya mbele, akaandika. Akapandisha ya nyuma, akaandika, akavua miwani, akaifuta, akarudia. Nyuma: kilo 2,350. Mbele: 710. Akafungua kadi ya gari: pikapu tupu ni 1,500. Kwa hiyo nyumba peke yake ni kilo 1,560.

Nilimwambia mizani yake ni mbovu. Akapanda yeye mwenyewe. Mizani ikasema 80. Akasema ndivyo alivyo.

Na nani aliyekuwa amejibanza kwenye lundo la mabati akitafuta nati? Upepo. Akanieleza taratibu, kama ananiuguza. Wabebaji wa jeneza hutembea polepole, wanaongea hata na jirani, kwa hiyo ni kweli kila mmoja ana kilo ishirini na tano. Wale wangu wa Jumamosi walikuwa wametoa macho na mishipa ya shingo. Kila mmoja alikuwa amebeba kilo sitini na tano! Na usukani haukufurahi. Nyumba inalemea nyuma, mbele kunanyanyuka.

Nimerudi nyumbani mwendo wa konokono. Rimu moja ya nyuma ina ufa mwembamba kama unywele. Nimeuziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya fedha. Hauonekani. Kazini ndivyo tunavyoziba mbao, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Dada aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye magazeti, kikombe kimoja kimoja. Chumba chake kimebaki kuta na alama za picha.

Alhamisi, 9 Mei

Upepo kaniita kibandani kwake. Kaniwekea kiti. Dalili mbaya.

Akasema ana rimu za chuma za gari la wagonjwa lililokufa, atanipa bure. Springi pia atanifungia, majani mawili zaidi ya chuma kila upande. Lakini nyumba ipunguzwe nusu. Sakafu ya mbao ngumu itoke, mabati yatoke, sinki na kabati vitoke, kuta zibaki fremu, juu tufunge turubai. Siku mbili kazi imekwisha, Dada anasafiri Jumapili, anaripoti Jumatatu bila wasiwasi. Malipo? Hataki kitu. Nimfikishie Dada salamu tu.

Turubai! Dada yangu alale chini ya turubai kama nyanya za sokoni! Nikasimama. Nikamwambia nyumba hii haitolewi hata msumari. Akasema, "Shemeji, siyo nyumba inayosafiri, ni dada yako." Maneno ya mtu aliyeshindwa. Salamu sijazifikisha.

Nikaenda kazini nikiwa nawaka. Na pale pale, uani, mbele ya macho yangu: gari la maiti.

Jamani.

Pikapu ya aina ileile ya baba. Matundu sita. Mzee Randa aliifungia rimu nzito za chuma na matairi ya mzigo kwa sababu, anasema, mtu akishafariki hana muda wa kusubiri pancha. Gari hilo hubeba jeneza, mashada na waombolezaji kumi na mbili kwenye njia za mashimo. Nikajifanya nimeangusha penseli. Nikalala chini. Namba iliyogongwa: 1,200. Mara mbili ni 2,400. Nahitaji 2,350. Nabakiwa na kilo hamsini mkononi!

Sasa hivi ndiyo nahesabu kiutaalamu, siyo ile ya wabebaji.

Mpango: nabadilisha ya nyuma tu, mawili. Yangu ya kung'aa yanakaa kwenye gari la maiti Jumamosi na Jumapili. Nampeleka Dada, nateremsha nyumba juu ya matofali, narudi, narudisha. Mzee Randa hatajua milele. Nimekagua daftari la kazi: Jumamosi hakuna mtu. Jumapili hakuna mtu. Nimewashukuru kimoyomoyo watu wote wa mji huu kwa kuendelea kuishi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeweza.

Mchana baada ya kula Mzee Randa hulala ndani ya jeneza la maonyesho, mikono kifuani. Wateja wawili walishawahi kukimbia. Huamka saa nane kasoro robo. Saa saba na dakika tano nilikuwa na jeki chini. Saa saba na nusu kazi imekwisha. Nati ya mwisho iliniponyoka, kwa sababu alikohoa. Ndoto tu.

Gari la maiti limependeza kwa nyuma. Limependeza kupita kiasi, linaonekana linaenda disko. Nikayapaka matope.

Dada amerudisha funguo saa kumi. Amekaa juu ya sanduku lake nje ya chumba kisicho chake tena, sare yake nyeupe kwenye hanga, ameishikilia juu isiguse vumbi. Akauliza magurudumu haya meusi nimepewa na Upepo? Nikasema nimeyatoa kazini. Akauliza kazini kwetu kuna nini chenye magurudumu. Nikamwambia vitu vingi tu. Akanitazama kwa muda. Ni yeye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba, hunitazama vile nikiwa nimevunja kitu.

Leo tumelala ndani ya nyumba, kwenye vitanda vyetu. Hajageuka tangu alale. Nafasi ya kugeuka haipo.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa nimeegemea upande mmoja, kwa sababu nyumba imeegemea upande mmoja.

Tuliondoka saa nne. Majirani walitoka. Kinyozi alipiga makofi. Magurudumu, sifa zao: imara! Hayakubonyea, hayakulia. Nilimwambia Dada asikie ukimya ule. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Kilomita ya tano, safi. Ya kumi, safi. Nikaanza kuimba.

Kilomita ya kumi na nne kuna kilima kifupi kabla ya daraja. Katikati ya kilima nikasikia mlio mmoja, halafu wa pili. Springi. Za nyuma, zote mbili. Mbele kukanyanyuka. Siyo kidogo. Mimi na Dada tukawa tumekaa tunaangalia mawingu. Nilizungusha usukani kulia, mawingu hayakusogea. Halafu nyumba ikateleza, taratibu, kwa heshima, ikashuka yote nzima ikakaa kando ya barabara, na pikapu ikarudi chini kwa kishindo, meno yangu yakagongana. Fremu imepinda katikati.

Magurudumu hayana hata mkwaruzo. Nataka hilo liandikwe. Kuhusu magurudumu sikukosea.

Dada hakuumia. Alishuka, akaenda kutazama. Mlango ulikuwa umefunguka, vikombe vyake vimemwagika kwenye majani, na kipande cha satini kilikuwa kinapepea nje. Akaokota kikombe, akakiangalia, akakiweka chini. Kilikuwa hakina mkono.

Simu ikalia. Mzee Randa.

Saa moja na nusu asubuhi waliletewa msiba. Mtu mmoja, mpishi mkubwa wa hoteli, familia inataka azikwe leo leo. Jeneza la watu kumi. Gari likatoka, na kabla ya kufika makaburini gurudumu la nyuma likapasuka vipande, katikati ya barabara, mjane amekaa palepale juu. Kwenye kipande kimojawapo Mzee Randa ameona gundi na unga wa mbao. Akasema anaijua gundi hiyo kwa sababu anaichemsha yeye mwenyewe. Waombolezaji wamembeba marehemu kwa mikono kilomita mbili, wakipokezana, na mjane nyuma kwa miguu, amevua viatu. Miaka thelathini na moja, kijana. Hakuwahi kumchelewesha mtu.

Alisema kwa sauti ya chini. Heri angepiga kelele.

Nilipokata simu, Dada alikuwa ameshapiga yake. Ndani ya saa moja Upepo akafika na gari lake bovu. Hakucheka. Nilimsubiri acheke, hakucheka, na hilo sitamsamehe. Akapakia mabegi mawili na sanduku. Sare Dada aliishika mwenyewe.

Nikamwambia Dada anisubiri, anipe siku mbili, nitapata springi, Jumatatu ataripoti akiwa na nyumba yake. Akasema hakuwahi kuniomba nyumba. Aliniomba nimsaidie kufunga mizigo.

Wakaondoka. Nimejaribu kukumbuka kama ni kweli. Nadhani ni kweli.

Jumapili, 12 Mei

Mzee Randa amekuja kuchukua magurudumu yake. Ameyafungua mwenyewe, na jeki yake. Nilitaka kumsaidia, akaniambia nikae mbali na nati zake. Pikapu ameiacha juu ya mawe. Amevihesabu vishikio vya shaba ukutani, kumi na viwili, akavifungua pia. Akaigusa satini, akaiacha.

Akaniambia kesho nisije, wala keshokutwa. Akafika kwenye gari, akarudi, nikadhani amebadili mawazo. Alikuwa amesahau spana.

Mvua tena. Haivuji.

Jumanne, 14 Mei

Ujumbe wa Dada, wa kwanza tangu Jumamosi. Ameripoti jana saa mbili kasoro dakika tano. Chumba hakuna. Analala kwenye stoo ya zahanati, katikati ya maboksi ya glavu, na mlango ulikuwa haufungi. Upepo amemwekea kitasa. Nyumba ya wafanyakazi labda itapatikana mwisho wa mwaka. Anakula vizuri. Mwishoni kaandika: nakuomba, mdogo wangu, usije.

Nimeusoma mara nane. Nimekaa juu ya kizingiti cha nyumba yake nikaona aibu, aibu ya kweli. Dada yangu, kwenye maboksi, kwa ajili yangu. Nimesema basi. Sitapanga kitu tena maisha yangu yote.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi.

Saa nne nilishuka chini ya daraja kunawa uso. Kuna mto pale, mpana, umejaa mvua. Mama mmoja alikuwa anafua. Nikamsalimia, nikamuuliza mto huu unaelekea wapi. Akasema unapinda pinda sana, lakini mwisho unapita chini ya zahanati, yeye mwenyewe alijifungulia pale.

Nikaitazama nyumba juu pale. Nikautazama mto.

Mbao! Varnishi mara tatu! Springi za nini? Rimu za nini? Wiki nzima nahangaika na magurudumu kama mtu asiye na akili, na barabara yenyewe inatembea!

Dada kaandika nisije kwa sababu hajui kuhusu mto. Hapa kinachotakiwa ni mapipa tu, ya kufunga chini ili ielee vizuri. Yule mama anasema kuna maporomoko mbele kidogo, lakini yeye ni mtu wa kufua, si fundi. Mchana nimezunguka kwenye mashamba ya jirani, nimepata mapipa matano. Moja lina kutu kidogo upande wa chini. Nimeyagonga yote kwa ngumi, nimeyatazama vizuri.

Yanaonekana yana nguvu.